Vitisho vya Asubuhi ya Mtihani

Msikilizaji, kila Novemba watahiniwa wa kidato cha nne hapa Tanzania huingia kwenye vyumba vya mtihani. Kabla ya hapo shule nyingi huwapanga mstarini wapewe wosia wa mwisho, na mara nyingi wosia wenyewe ni vitisho: ukifeli, ada ya wazazi imepotea, shule imeaibika, na maisha yako ndiyo basi tena.

Mwili huyaamini maneno hayo. Hauna namna moja ya kuogopa nyoka na nyingine ya kuogopa kufeli. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, viganja hulowa jasho, damu hupungua tumboni na kukimbilia kwenye misuli. Foleni ya chooni asubuhi ile si bure. Mwili umejiandaa kutimua mbio, ilhali kazi iliyopo ni kutulia kitini na kukokotoa. Baadaye kidogo hufuata kortisoli, homoni inayoweza kuuzuia ubongo kukumbuka kilichokwisha kusomwa. Mtoto aliyezijua kanuni zote juzi, leo anaikodolea macho karatasi. Si mvivu. Ile nafasi finyu ya akilini tunamoshikilia tarakimu tunapopiga hesabu imejaa maneno ya mstarini.

Sisemi hofu yote ni mbaya. Mwaka 1908, Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya kijumba cheupe na cheusi. Aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Chaguo lilipokuwa rahisi, shoti kali iliharakisha kujifunza. Lilipofanywa gumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa, na kali ikawavuruga. Basi tisheni mkitaka uwanja ufagiliwe upesi. Kwa fizikia, hapana.

Mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya jambo jepesi mno: mwanafunzi aandike kwa dakika 10, kabla tu ya mtihani, yale yanayomtia hofu. Wenye wasiwasi mwingi walioandika waliwapita wenye wasiwasi kama wao ambao hawakuandika.

Najua wakuu wa shule watasema muda hautoshi. Wa kutisha ulipatikana wapi? Wapeni watoto kalamu na karatasi waandike, kisha waichane kabla ya kuingia, msimamizi asije akadhani ni ya majibu.