Ulinzi Hauanzi na Bunduki



Mwaka 2011 serikali yetu ilinunua kutoka Urusi ndege sita za kivita aina ya Sukhoi, kwa zaidi ya dola milioni 700 za Marekani. Huko Nakasongola, kiwanda cha Luwero Industries hutengeneza risasi humu humu nchini. Na katika miji yetu, benki, maghala na vituo vya mafuta hulindwa na kampuni binafsi. Ulinzi umekuwa biashara kubwa.

Hatuilaumu gharama hiyo. Nchi isiyojilinda hulindwa na wengine kwa masharti yao. Lakini ndege ya kivita haimwoni mwizi wa pikipiki anayejificha usiku katika mashamba ya miwa. Anayemwona ni jirani.

Nasi polisi tuna deni letu. Leseni za kampuni hizo hutolewa na Inspekta Jenerali wa Polisi. Basi bunduki ya mlinzi ikitumiwa vibaya, lawama hutufikia. Enyi waajiri, mlinzi asiyelipwa mshahara miezi mitatu, naye ameshika silaha, ni moto uliofunikwa kwa majivu. Mlipeni. Nanyi wananchi, mkimwona mlinzi mlevi na bunduki begani, tuarifuni kabla ya msiba, si baada yake. Mkituarifu nasi tukapuuza, tuulizeni hadharani, katika mkutano kama huu.

Silaha hununuliwa kwa kodi zenu. Kuaminiana hakuuzwi popote.