Sailensi mbovu, breki mbovu

Ndugu msikilizaji, ninalo gari aina ya Land Rover. Silitaji kwa kujivuna, maana mwenye Land Rover kuukuu hajivuni. Humwomba Mungu asubuhi na kumshukuru jioni. Langu ni Series III, lile refu la inchi 109, lenye injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.25. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa lina umri wa mtu mzima mwenye watoto shuleni.

Mwaka jana gari hili lilianza tabia. Likiwa mwendoni halina neno. Lakini nikikwama kwenye foleni ya Magomeni na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mara inapanda, mara inashuka, mara inakohoa na kuzima. Nyuma yangu daladala inapiga honi, na kondakta ananitolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa redioni.

Ule mngurumo wa taratibu wa injini ambayo haikukanyagwa mafuta, mafundi wetu huuita sailensi. Nikampelekea fundi mmoja gari, nikamwambia sailensi imeharibika. Hakuniuliza swali hata moja. Alichukua bisibisi, akazungusha skrubu kwenye kabureta, injini ikapaza sauti na kutetemeka kukaisha. "Tayari, bosi," akasema. Nikalipa, nikaondoka nimefurahi. Kosa la kwanza lilikuwa lake. Kosa la pili, lile la kufurahi, lilikuwa langu.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Lushoto kumchukua shangazi yangu aje Dar es Salaam kwenye harusi. Aliyewahi kupita njia ya Lushoto hadi Mombo hahitaji kusimuliwa. Ni kilometa zipatazo 33 za kona juu ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Garini tulikuwa watu saba, magunia mawili ya viazi, na kapu la mapeasi ambalo shangazi alikataa katakata lifungwe juu kwenye keria.

Tulipoipita Soni na mteremko ukawa mkali, nilikanyaga klachi nitoke gia ya tatu niingie ya pili. Injini ikashuka, ikatetemeka, ikazima. Nikakanyaga breki. Kanyagio likawa gumu kama nimekanyaga jiwe. Gari linaongeza mwendo, kona iko mbele, na shangazi huko nyuma anaeleza nani kachangia nini kwenye harusi.

Kilichotuokoa ni gia. Niliingiza ya pili, nikaachia klachi, magurudumu yakaizungusha injini kwa nguvu, gari likalia na kupunguza mwendo. Nikavuta hendibreki kidogo kidogo huku nikiliegemeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima. Tukasimama. Shangazi akauliza, "Mbona tumesimama, baba?" Nikamjibu, "Napumzisha injini, shangazi." Mungu anisamehe. Tukaingiza gia ndogo, zile za porini, tukateremka hadi Mombo kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni.

Pale Mombo nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza magari chini ya mti. Nikampa shikamoo, nikamweleza habari mbili: sailensi na breki. Akasema, "Mwanangu, hizo si habari mbili. Washa gari." Nikawasha. Aliinama juu ya injini, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akachukua koleo na kuubana mpira mmoja mweusi uliotoka kwenye injini. Palepale injini ikatulia. Akaachia, ikaanza kutetemeka. Akabana tena, ikatulia tena. "Gari lako linavuta hewa ya wizi," akasema.

Ndugu msikilizaji, nataka nikueleze maana ya maneno yale, kwa sababu wengi tunaendesha magari ya zamani na hatujui.

Injini ya petroli huvuta hewa kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Hewa hiyo hupita kwenye kabureta, ikachanganyika na petroli kwa kipimo maalumu, ikaingia kwenye silinda kupitia bomba tunaloliita manifoldi. Usipokanyaga mafuta, mlango wa kabureta hufungwa karibu wote, na mvuto ndani ya manifoldi unakuwa mkali mno. Waliounda gari waliuona mvuto huo, wakautumia kusaidia breki. Mpira hutoka kwenye manifoldi na kwenda hadi kwenye kopo kubwa la duara lililo mbele ya kanyagio la breki, ambalo mafundi huliita busta. Mvuto ukiwepo, busta humsaidia dereva. Ukikosekana, breki hazijafa, ila zinataka mguu wa mtu mwenye nguvu kupita kiasi.

Mpira wangu ulikuwa umepasuka upande wa chini, pale unapobanwa na klipu, mahali jicho halifiki. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupitia kwenye kabureta, mchanganyiko unaharibika, injini inatetemeka. Na mpasuko huohuo ndio uliokuwa ukipoteza nguvu ya breki. Kwa nini basi gari likienda halionyeshi dalili? Mimina kijiko cha maji kwenye kikombe cha chai, kila mtu ataionja. Kimimine kwenye sufuria ya chai ya harusi, hakuna atakayejua. Injini ikiwa kwenye sailensi inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo linaivuruga. Ikikanyagwa inavuta hewa nyingi, na ile ya wizi haionekani.

Yule fundi wa kwanza alipozungusha skrubu, aliufungua zaidi mlango wa kabureta ili injini isizime. Tundu likabaki palepale na kuendelea kupanuka. Gari lilikuwa linanipigia kelele kwamba breki ziko hatarini, naye akalifunga mdomo. Nami nikamlipa kwa kazi hiyo.

Mzee wa Mombo alikata kile kipande kilichoharibika, akaurudishia mpira uliobaki, akakaza klipu, akaishusha ile skrubu mahali pake. Aliniomba fedha isiyofika nusu ya niliyolipa mjini. Akanionya nikifika Dar nitafute mpira mpya wa kazi hiyo, nisifunge mpira wa maji wa kawaida, kwa kuwa huo ukivutwa hujikunja na kuziba.

Tangu siku hiyo nimejifunza utaratibu, na leo naugawa bure. Sailensi ikisumbua, anza na vya bei rahisi. Tazama kisafisha hewa kama kimejaa vumbi. Fungua plagi, zisafishe, pima nafasi yake. Kwa injini kama yangu ni milimita 0.75 hadi 0.8. Tazama platini ndani ya distributa. Nafasi yake ni kama milimita 0.4, na zikiungua hakuna kabureta itakayotulia. Tapeti nazo zipimwe, milimita 0.25.

Kisha watafute wezi wa hewa. Bana mpira mmoja mmoja, usikilize. Kwenye maungio ya manifoldi na chini ya kabureta paka maji ya sabuni kwa brashi. Mahali ambapo sauti ya injini inabadilika, hapo ndipo pana tundu. Wapo mafundi wanaonyunyiza petroli badala ya sabuni. Usikubali. Petroli juu ya injini ya moto imekwisha kuchoma magari na watu.

Hayo yote yakiwa sawa ndipo ufungue kabureta. Vijitundu vinavyopitisha petroli ya sailensi ni vyembamba, punje moja ya uchafu inatosha kuviziba. Zile Zenith zilizofungwa kwenye Series III zina ugonjwa wao unaojulikana: kipande cha juu hupinda, kisikae sawasawa juu ya cha chini, na kukikaza zaidi ni kuzidi kukipinda. Skrubu ya sailensi iwe ya mwisho kabisa kuguswa.

Na kwa gari lolote lenye busta, fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Zima injini, pampu breki mara nne au tano mpaka kanyagio liwe gumu. Mguu ukiwa bado umekanyaga, washa injini. Kanyagio likididimia kidogo chini ya mguu, busta inapata mvuto. Likibaki gumu vilevile, usiondoke. Ningelifanya hivyo Lushoto, kwenye uwanja tambarare, nisingelazimika kumdanganya shangazi.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Nami nilidhani hivyo. Lakini aliyelipia skrubu izungushwe ni mimi, na aliyefurahia kelele kunyamaza ni mimi. Hatuna desturi ya kumuuliza fundi swali la "kwa nini". Tunamuuliza "lini" na "shilingi ngapi". Fundi naye anatusoma, anatupa tunachotaka: gari lisilopiga kelele hadi tuvuke geti lake. Na tabia hiyo haikuishia gereji. Paa likivuja tunakinga ndoo, mtoto akikohoa tunampa sharubati ya kikohozi, na wala hatuulizi maji yanapita wapi wala kikohozi kimeanzia wapi.

Ziba ufa, walisema wazee, usije ukajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa na urefu wa kucha, na korongo la Soni nililitazama kwa macho yangu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujatoka, washa gari lako na usikanyage mafuta. Zima redio, hata kama ni mimi ninayezungumza, usikilize injini. Ikitetemeka, mpelekee fundi, na kabla hajashika bisibisi muulize kwanza: kwa nini?

Harusi ilifanyika, shangazi alicheza, na mapeasi yalifika salama. Hadi leo hajui kwa nini tulisimama pale Soni. Akiwa anasikiliza, shangazi, shikamoo, na uniwie radhi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.