Maji ya Choo ni Jasho la Mama

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwahimiza Watanzania kuchimba na kutumia vyoo. Leo mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, zimo nyumba zenye vyoo vya kuvuta. Hayo ni maendeleo. Lakini choo cha zamani humeza takriban lita 13 kila kinapovutwa; cha kisasa hutosheka na lita 6. Watu 6 wakivuta mara 4 kila mmoja, huokolewa lita 168 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo 8. Kiangazi, bomba likikauka, ndoo hizo hubebwa kichwani na akina mama. Kubadili choo ni kuwatua mzigo huo. Usafi wa mmoja usiwe jasho la mwingine.