LANGONI PA KAZI
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa karakana katika mkutano wa tawi)



Nimeagizwa na kamati ya tawi niseme machache juu ya vita vya Israeli na Wapalestina. Sababu yake mwaijua. Katika karakana yetu wako wanachama wawili waliokula chungu kimoja kwa miaka tisa. Mmoja ni mtu wa kanisa, na mwenzake ni mtu wa msikiti. Siku moja walibishana juu ya habari za redio. Huyu alisema Israeli ni taifa la Mungu, yule akasema Wapalestina ni ndugu zake katika dini. Tangu siku ile kila mtu hula peke yake, na wengine wameanza kugawanyika nyuma yao. Tulipopiga kura juu ya madai ya saa za ziada, watu walitazama kwanza ni nani aliyetoa shauri, ndipo wakalisikiliza shauri lenyewe. Hapo kamati ikaona hatari.

Mimi si mwalimu wala si mtu wa siasa. Shule yangu ni ya misheni, nikaishia darasa la nane. Majina ya Gaza, Yafa na Lida niliyajua kwanza katika Biblia, na kwa muda mrefu nilidhani ni miji ya zamani tu, wala sikuwaza kwamba kuna watu humo wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Basi leo sitasema kwa Biblia wala kwa Kurani. Nitasema kwa habari za reli na za kazi, maana ndizo nizijuazo.

Jambo hili liliwahi kupita katika reli yetu wenyewe. Desemba 1902, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alisafiri kwa gari la moshi kutoka Mombasa kwenda bara. Alipoitazama nchi dirishani, aliwaza kwamba yafaa wapewe Mayahudi, ambao wakati ule walikuwa wakiteswa na kuuawa katika Urusi. Mwaka 1903 Serikali yake ikawatolea ardhi ya Uasin Gishu. Mkutano mkuu wa Wazayuni huko Basel ulipiga kura 295 kwa 178 kupeleka watu waikague. Wakaja, wakaikagua, na mwaka 1905 shauri hilo likakataliwa. Nataka mshike mambo mawili: Mayahudi walikuwa na shida ya kweli, na wenyeji wa ardhi hawakuulizwa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokutana baadaye katika Palestina, na shida ya Mayahudi ilizidi kupita kiasi, maana katika Vita Kuu ya Pili watu wa Hitler waliwaua Mayahudi wapatao milioni sita.

Sasa twende Haifa. Waingereza waliitawala Palestina tangu Vita Kuu ya Kwanza mpaka 1948, na karakana kubwa za reli zilikuwa Haifa. Humo Waarabu na Mayahudi walifanya kazi pamoja, kama sisi hapa. Msidhani walipendana kila siku. Mayahudi walikuwa na shirikisho lao, Histadrut, lililoanzishwa 1920, nalo lilitaka Mayahudi waajiriwe kwanza. Waarabu wa reli waliona jambo hilo ni mwiba, na mwaka 1925 wakaanzisha chama chao hapo Haifa. Walivutana miaka mingi. Lakini bei ya unga haiulizi dini ya mtu. Aprili 1946 watu wa posta waligoma, na watu wa reli wakafuata, kisha makarani wa Serikali, Mwarabu na Myahudi bega kwa bega, hata wagomaji wakawa zaidi ya 20,000. Serikali ya Waingereza ilikubali sehemu kubwa ya madai yao. Ndugu zangu, huo haukuwa muujiza. Watu wale walijua kwamba mwajiri wao ni mmoja.

Haikupita miaka miwili, mambo yakaharibika. Septemba 1947 Sami Taha, kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa Kiarabu, aliuawa kwa risasi Haifa. Mwezi wa Novemba Umoja wa Mataifa ulipiga kura nchi igawanywe, na mapigano yakaanza. Sasa sikilizeni habari ya tarehe 30 Desemba 1947, kwa maana ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Asubuhi ile vibarua wa Kiarabu walikuwa wamekusanyika nje ya lango la kiwanda cha kusafisha mafuta cha Haifa, wakingoja kuitwa kazini. Ninyi mwajua lango la namna hiyo. Watu wa Irgun, kundi la siri la Kiyahudi, wakapita na gari wakawatupia mabomu. Watu sita walikufa na wapatao arobaini wakajeruhiwa. Habari ilipoingia ndani, wafanya kazi wa Kiarabu waliwageukia Mayahudi waliokuwa kazini pamoja nao, wakawaua watu 39. Wale 39 hawakutupa bomu. Walikuwa kazini. Usiku uliofuata jeshi la Haganah likaingia katika kijiji cha Balad al-Shaykh, walikokaa wafanya kazi wengi wa Kiarabu, likaua watu majumbani mwao. Nao pia, je, wote walikuwa wauaji? Hasha. Katika muda wa siku mbili tu lango moja la kazi lilizaa misiba mitatu, na kila msiba ulisema unalipa kisasi cha uliotangulia.

Mwaka 1948 ukazidi. Tarehe 31 Machi gari la moshi lililotoka Cairo kwenda Haifa lililipuliwa kwa bomu lililotegwa relini karibu na Binyamina. Watu 40 walikufa, abiria wa kawaida, wengi wao Waarabu. Tarehe 9 Aprili wanakijiji zaidi ya mia waliuawa Deir Yassin. Siku nne baadaye msafara wa magari uliokuwa ukienda hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, ulivamiwa na Waarabu wakafa watu 78, madaktari na wauguzi wakiwamo. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa, wala hawakuruhusiwa kurudi. Katika miaka iliyofuata Mayahudi mamia ya maelfu nao waliondoka katika nchi za Kiarabu, wengi wakiacha mali yao. Na ile reli iliyounganisha Haifa na Cairo kwa njia ya Gaza ilikatika. Leo Gaza haina reli.

Baada ya vita vya 1967 Israeli iliitawala Gaza, na watu wa Gaza wakawa vibarua katika Israeli, wakijenga nyumba na kulima mashamba. Baadaye lango likawekwa masharti zaidi na zaidi, hata bila karatasi ya ruhusa mtu hapiti. Kabla ya Oktoba 2023 watu wa Gaza wapatao 18,000 walikuwa na ruhusa hiyo.

Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wa Hamas na wenzao walivunja mpaka wakaua watu wapatao 1,200 katika Israeli, wengi wao raia, wakateka 251. Waliokufa si Waisraeli tu. Walikufa vibarua wa mashamba wa Thailand, na vijana wawili wa Tanzania, jirani zetu, waliokwenda kujifunza kilimo. Ruhusa za wale wa Gaza zikafutwa. Vita vilivyofuata viliua watu zaidi ya 67,000 katika Gaza mpaka Oktoba 2025, kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, na maelfu mengi kati yao ni watoto. Wafanya kazi zaidi ya 300 wa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwasaidia wakimbizi wa Kipalestina, waliuawa. Agosti 2025 wataalamu wa njaa wa kimataifa walithibitisha kwamba katika mji wa Gaza watu walikuwa wakifa njaa, na chakula kilikuwa kimezuiliwa mpakani. Oktoba 2025 mapatano ya kusimamisha vita yakatiwa sahihi.

Mwanachama mmoja aliniuliza, “Je, wewe wapima pande zote sawa?” Namjibu mbele yenu. Hapana, hesabu si sawa, na mwenye ndege za vita na mwenye hema si sawa. Lakini kulia kwa ajili ya mtoto wa Gaza hakukukatazi kumlilia mzee aliyeuawa kitandani pake katika kijiji cha Israeli. Asiyeweza kuwalilia wote wawili hasemi tena habari ya haki, anasema habari ya kabila.

Jambo la mwisho ni la hapa kwetu. Novemba 2023 Serikali yetu ilitangaza kwamba watu 1,500 watapelekwa Israeli kufanya kazi za mashamba. Vijana wa wanachama wameniuliza kama waende. Simlaumu mtu anayetafuta mkate. Lakini ajue kwamba nafasi ile ilikuwa ya Mpalestina aliyefungiwa lango, au ya Mthai aliyekimbia mabomu. Aulize kabla ya kutia sahihi: Shamba liko umbali gani na mpaka? Liko handaki la kujificha? Mkataba umeandikwa kwa lugha aijuayo? Akionewa, atamshtakia nani? Na akifa, nani atamrudisha nyumbani? Mkataba na uletwe hapa ofisini, Katibu ausome naye.

Ndugu zangu, wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Watu wa Haifa walikuwa na mgomo mmoja mwezi wa Aprili 1946, na mwezi wa Desemba mwaka wa pili wakauana kwa vyuma vya kazi. Sisi hatuwezi kuvisimamisha vita vya kule. Lakini lango la karakana hii ni letu. Naomba mkutano ukubali kwamba mtu aseme maoni yake, lakini matusi ya dini yasiingie kazini, na shauri la chama lisipimwe kwa dini ya aliyelitoa. Na wale ndugu wawili, ambao nawaona wameketi leo huku na huku, nawaomba kesho saa sita warudi katika chungu chao. Mimi nitaleta sukuma.

Hayo ndiyo niliyoagizwa. Mwenye swali aulize kwa kupitia kwa Mwenyekiti.