Pesa ya Mgeni Ihesabiwe Kabla Hajaondoka

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware, Nairobi)



Wageni wanapita mitaani kwetu, wanaona vyondo na shanga, wanapenda, wananunua. Hiyo ni baraka. Lakini kiondo kimoja hufumwa siku nyingi, na vingine vimetoka kwa wenzetu kijijini. Ukipokea pesa isiyofaa, jasho la wote limepotea. Basi tukumbuke mambo matano.

1. Bei iwe kwa shilingi, na iandikwe. Mgeni akiwa na dola tu, mweka hazina aulize bei ya siku hiyo benki au kwenye duka la kubadilisha fedha. Asikisie. Dola iliyochanika au ya zamani sana mara nyingi hukataliwa, na noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini. Sarafu za kigeni msichukue.

2. Angalieni noti zetu wenyewe. Noti ya zamani ya shilingi 1000 ilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019. Mgeni aliyekuja miaka ile anaweza kurudi nayo kwa nia njema kabisa, lakini haina thamani tena. Noti mpya ina picha ya jumba la KICC. Ile ya zamani ina sura kubwa ya rais.

3. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ni nzuri. Lakini ujumbe kwenye simu ya mgeni si pesa, jamani! Pesa ni ile imeingia. Mweka hazina atazame salio kwanza, ndio mzigo utoke. Na namba iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti, kusije kukawa na maneno baadaye.

4. Chenji ni shilingi. Wengine mnakumbuka Gatina-Pesa ya Kawangware na Lindi-Pesa ya Kibera, zilizofuata Bangla-Pesa ya Mombasa ya mwaka 2013. Kuponi hizo zilisaidia majirani kubadilishana bidhaa shilingi zilipoadimika. Nguvu yake ilikuwa kujuana. Mgeni kesho yuko kwingine, kuponi ataipeleka wapi?

5. Ushuru wa VAT. Kenya iliuanza mwaka 1990 mahali pa ule wa mauzo, na kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Sheria humlazimu kujiandikisha mwenye mauzo ya kutozwa VAT ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Vikundi vyetu vingi havifiki hapo. Asiyeandikishwa haruhusiwi kuutoza. Kwa hiyo msimwambie mgeni "ongeza 16 ya serikali", wala msiandike VAT kwenye risiti. Akiuliza atarudishiwa wapi ushuru, kama alivyozoea Ulaya, mwelezeni wazi: hapa hukutozwa, basi hakuna cha kurudishiwa. Mpeni risiti ya kikundi yenye tarehe, bidhaa, bei na sahihi.

Mgeni akitendewa haki atawaleta wenzake. Akidanganywa, atawaonya. Na sisi vilevile tusikubali kupunjwa kwa kuona haya kuhesabu mbele yake. Kuhesabu si utovu wa adabu.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Pesa zetu za M-Pesa huingia kwa namba ya nani?
- Mauzo yetu ya mwaka jana yalifika ngapi? Nani ameyaandika?
- Mweka hazina asipokuwepo, nani hupokea pesa?