Dakika 20 za maji: maneno yetu kwa vijana wa Rumangabo



Leo hatukuja kuzungumuza juu ya maandamano wala barua ya kupeleka kwa wakubwa. Tumekuja kuzungumuza juu ya moto. Wamoja watauliza: moto na kazi ya raia vinahusiana namna gani? Jibu ni hili: kutoka hapa mpaka Goma ni kilomita zaidi ya 40, Rutshuru nako ni safari, na barabara haifunguki kila siku. Mutoto akiungua hapa, saa ya kwanza iko mikononi mwetu, si ya munganga.

Tuangalie moto unatoka wapi. Mbabula iko chini, sufuria ya maji ya bugali iko juu yake, batoto wanapita pale pale. Esanse ya kadhafi inalala ndani ya chupa, karibu na mushumaa. Waya za umeme zimeungwa ovyo. Na kuko ile mioto mikubwa. Januari 2002, siku chache kisha lava ya Nyiragongo kuingia Goma, kituo cha mafuta kililipuka wakati watu walikuwa wanachukua mafuta, makumi wakafa. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka kisha likalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wamoja walikuwa wanachota mafuta, wengine walikuwa tu wanaangalia mechi ya Kombe la Dunia. Basi neno la kwanza: lori la mafuta likianguka, kimbia na uite wengine wakimbie. Bido moja ya esanse ya bure hailipi maisha.

Sasa, mutu ameungua. Tunafanya nini?

Kwanza, zima moto. Nguo ikiwaka, asikimbie: alale chini, ajiviringishe, ao mufunike na blanketi. Kama ni umeme, kata umeme kwanza, usimuguse. Kisha toa pete, saa, bangili na nguo, mbele ya mwili kuvimba. Nguo iliyogandamana na ngozi, iache.

Pili, maji. Maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka juu ya kidonda, dakika 20. Si barafu. Tunajua mutasema: maji tunayatoa wapi? Hesabu ni rahisi: bido moja ya litre 20 inatosha, ukimwaga litre moja kwa dakika, pole pole na kikombe. Hata kama saa moja ao mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Lakini mutoto mudogo, ao mutu aliyeungua sehemu kubwa, anashikwa na baridi haraka, na hapa kwetu baridi tunaijua. Mwili uliobaki ufunikwe, na akianza kutetemeka, acha maji. Asidi ya batri inaomba maji mengi na muda murefu zaidi.

Tatu, funika na plastiki safi ya jikoni, ao kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Usifunge kwa nguvu. Usipasue malengelenge.

Na hapa tuseme wazi, bila kuzarau ba mama zetu: dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya kupika na udongo haviponyeshe. Vinashika joto ndani, vinaleta mikrobe, na munganga atalazimika kuvikwangua kwa maumivu.

Tutajuaje kama ni mbaya? Kuko ngazi tatu. Ya kwanza: ngozi inauma, ina joto, haina malengelenge. Vitabu vinasema inakuwa nyekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekane vizuri, basi uliza maumivu na linganisha na ngozi ya pembeni. Ya pili: malengelenge, kidonda kimelowa, kinauma sana. Ya tatu: ngozi imekuwa nyeupe, ya kahawia ao nyeusi, ngumu kama ngozi ya kiatu, na haiumi. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Mutoto akinyamaza wanasema amepona, kumbe mishipa ya kusikia maumivu imekufa. Asiyelia ndiye wa kuogopa.

Kisha pima ukubwa. Kiganja cha mugonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Usihesabu ngazi ya kwanza. Viganja 10 kwa mukubwa, ama 5 kwa mutoto: lopitali, bila kungoja. Lopitali pia kama ni sura, mikono, miguu, viungo ao sehemu za siri. Kama moto umezunguka mukono ao muguu mzima. Kama ni umeme ao asidi. Kama alivuta moshi na sauti imebadilika. Kama ni ngazi ya tatu. Ama kama ni mutoto muchanga. Njiani, mwenye akili timamu anaweza kunywa maji kidogo kidogo. Aliyezimia usimupe kitu kinywani. Na uliza juu ya chanjo ya pepopunda.

Wandugu, kujua peke yake hakutoshi. Tunaomba kila avenue iwe na vijana wawili wanaojua haya, na motari mumoja aliyekubali kuitwa usiku. Mbabula iinuliwe juu ya meza ya mawe. Esanse isilale nyumbani. Na wenye kutuongoza, wawe nani, tutaendelea kuwauliza: maji ya robine yako wapi? Bandeji ziko wapi kwenye kituo cha afya? Na kwa nini mama azuiliwe lopitali na mutoto aliyepona, juu ya deni?

Hayo ni madai, hatuyaachi. Lakini bido ya maji tunaweza kuiweka karibu na jiko leo jioni, bila ruhusa ya mutu.