Mstaafu wa Netiboli ni Mali ya Nani? Mhadhara wa Umma, Singida



Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48 na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Simbu ni mtoto wa Singida na ni askari wa Jeshi la Wananchi. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, ikabidi picha iamue. Mada yangu ni netiboli, lakini naanza na riadha kwa sababu inampa mchezaji kitu ambacho netiboli humnyima, nacho ni namba iliyo yake peke yake. Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa 3:32.2 kule Christchurch mwaka 1974, na muda ule ukabaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022. Bayi alistaafu, lakini namba yake iliendelea kumsemea kwa miaka 48. Mlinzi wa netiboli wa enzi zake anasemewa na nini? Hoja yangu ni hii: maisha ya mchezoni ya mchezaji wa netiboli kutoka mkoa kama huu hujengwa na mwajiri, hukoma mwajiri anapomwachia, kisha hupotea kwa kuwa hayakuandikwa popote. Na anayepata hasara kubwa zaidi si yeye. Ni mkoa uliomlea.

Tuutazame mchezo wenyewe kwanza. Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Pete iko juu mita 3.05, na hakuna ubao nyuma yake wa kumsaidia mfungaji. Kila upande una wachezaji saba. Mwenye mpira haruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu, na anayemzuia lazima asimame angalau sentimita 90 kutoka kwake. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, mfungaji (GS) na mshambuliaji (GA). Maana yake ni kwamba watano kati ya saba wanaweza kucheza miaka 15 wasifunge hata goli moja, na wakawa wachezaji bora kabisa. Kazi ya mlinda goli (GK) huonekana katika mpira ambao haukurushwa, na kazi ya mchezaji wa kati (C) katika pasi iliyotangulia pasi ya goli. Karatasi ya matokeo haina safu ya mambo hayo. Sasa uhamishie mchezo huu kwenye shule ya msingi ya Ikungi au Mkalama: ardhi ya kichanga, mistari ya majivu, nguzo za miti, pete ya nondo iliyokunjwa kwa nyundo. Kwenye kichanga hicho, anayetua vibaya huteleza, na akiteleza hatua huzidi na filimbi hulia. Anayekulia hapo hujifunza kutua, kugeuka na kutoa mpira kwa namna ambayo hakuna kitabu cha sheria kinachomfundisha. Ujuzi huo unakaa mwilini mwake, na asipomfundisha mtu unaishia naye.

Tuje kwa mwajiri. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashirika ya umma hayakuwa ofisi na viwanda tu. Yalikuwa pia na timu, na msichana aliyejua kudaka mpira aliweza kupata kazi ya ukarani au ya ghala kwa sababu hiyo. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliuza mitambo na majengo, na sijapata kusikia mnunuzi aliyesisitiza kununua timu ya netiboli pia. Waliobaki kushika mchezo kwa sehemu kubwa ni vyombo vya dola: JKT Mbweni, Uhamiaji, Magereza, Polisi. Kwa majirani mambo ni hayohayo, kwani Kenya inawategemea Magereza, na Uganda klabu yenye jina kubwa, NIC, ilizaliwa katika shirika la bima. Mwanaidi Hassan, aliyetangazwa na waandishi wa habari za michezo kuwa mwanamichezo bora wa Tanzania wa mwaka 2010, alitoka JKT Mbweni. Silaumu majeshi, bila wao pengine leo tungekuwa tunaizungumzia netiboli kama historia. Ila tuone matokeo yake kwa Singida. Binti wa Manyoni anaonekana kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anachukuliwa, anavaa sare, anaondoka. Hapa hapakuwa na mwajiri wa kumbakiza. Na michezo ya shule iliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata mlango huo mmoja ukafungwa, hadi iliporejeshwa baadaye katika muongo uleule.

Wapo pia waliostaafishwa wakiwa bado watoto, na hawa huwa hatuwahesabu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilivitengua vifungu hivyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakazia uamuzi huo mwaka 2019. Aliyepata mimba alifukuzwa shule, na ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi. Kwa mchezo unaopata karibu wachezaji wake wote shuleni, kufukuzwa shule ni kufukuzwa uwanjani. Mvulana aliyekatishwa masomo bado alikuwa na timu ya mtaa ya kuchezea mpira wa miguu jioni. Msichana hakuwa na timu ya netiboli ya mtaa.

Najua nitaambiwa kwamba mabinti sasa wana soka, na soka ina fedha. Ni kweli. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza mwaka 2016, na mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Singida yenyewe imeonja ladha ya soka ya ligi kuu tangu Singida United ilipopanda mwaka 2017. Sina ugomvi na soka. Lakini fedha ya soka hulipa wachache walio juu, na hapa ninawazungumzia maelfu walio chini, ambao shule zao tayari zina nguzo mbili na kichanga cha kutosha. Wengine husema netiboli ni mchezo wa kikoloni, uliobuniwa vyuoni Uingereza ili wasichana wacheze bila kuvuka mipaka ya heshima ya wakati ule. Asili yake ndiyo hiyo. Ila mipaka ileile ilileta jambo ambalo waliouanzisha hawakulikusudia: nahodha, kocha, mwamuzi na katibu wote walikuwa wanawake. Anna Bayi na Anna Kibira waliiongoza CHANETA, chama cha netiboli cha Tanzania, katika nchi ambayo vyama vingi vya michezo viliongozwa na wanaume. Kwa wanawake wengi wa vijijini, kupuliza filimbi na kutiiwa na umati kulianzia hapo.

Pingamizi zito zaidi ni la bajeti. Mkoa huu ni mkame, na mtu ana haki ya kuuliza kama pete za chuma zitangulie visima vya maji. Jibu langu ni kwamba sidai viwanja vipya. Malawi ilishika nafasi ya sita katika Kombe la Dunia la netiboli la 2019, na Uganda nafasi ya tano mwaka 2023, na hakuna atakayesema nchi hizo zimetajirika kuliko sisi. Mganda Peace Proscovia alipita NIC kabla ya kufika Loughborough, Uingereza. Mary Waya wa Malawi, baada ya miaka mingi ya kuichezea nchi yake, aligeukia ukocha. Huko mstaafu ana mahali pa kwenda. Hapa kwetu, mchezaji aliyerudi nyumbani anaweza kujiunga na kikundi, akapata mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, akafuga kuku au kukamua alizeti. Ni jambo jema. Lakini anachokijua kuliko watu wote wilayani hakimo katika fomu yoyote.

Ninachoomba ni kidogo, na kinawezekana kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Afisa michezo wa kila halmashauri ya mkoa huu aandike orodha ya wachezaji wastaafu wa netiboli waliomo katika kata zake: nafasi waliyocheza, timu, miaka, na aliyewafundisha. Walimu wakuu wapewe orodha hiyo, wawaite wastaafu hao wafundishe mara mbili kwa wiki, na walipwe posho kutoka fungu lilelile linalogharamia UMISSETA na UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi. Nakala moja ya orodha iwekwe maktaba ya mkoa, ambako mtafiti yeyote ataweza kuisoma.